Mjamzito akisema kiuno kinauma, mwulizeni wapi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie maumivu ya mgongo kwa wajawazito walioingia miezi mitatu ya mwisho, yaani kuanzia wiki ya 28. Sisi ni wakunga na wataalamu wa mazoezi tiba. Ushauri ambao wajawazito wengi hupewa ni wa maneno mawili: "vumilia tu". Ukirefushwa kidogo, huwa ni orodha moja kwa wote: lala kwa ubavu, vaa viatu vifupi, fanya mazoezi. Orodha hiyo haina kosa kubwa, ila inaruka swali la kwanza, na ndiyo maana wapo wanaoifuata kwa uaminifu na bado wanalala wakigugumia.

Swali hilo limefunikwa na lugha yetu wenyewe. Neno "kiuno" limebebeshwa mengi. Mwanamke akisema kiuno kinamuuma, huenda anazungumzia pingili za chini za uti wa mgongo, pale juu ya mkanda wa sketi. Huenda anazungumzia viungo viwili vya nyuma ya nyonga, karibu na vile vishimo viwili vilivyo juu ya makalio. Au anazungumzia kinena, mbele kabisa, mahali mifupa miwili ya nyonga inapokutana. Kinachotuliza maumivu ya sehemu ya kwanza huweza kuyachochea ya sehemu nyingine mbili.

Kwa hiyo kabla ya dawa, mto au mkanda, aonyeshe kwa mkono. Mwenye maumivu ya mgongo kwa kawaida hupitisha kiganja kizima kukatiza mgongo wa chini, na atakwambia huzidi akikaa au kusimama muda mrefu, au akiinama, na jioni kuliko asubuhi. Mwenye maumivu ya nyonga mara nyingi huweka kidole kimoja juu ya kalio, upande mmoja au pande zote mbili, na malalamiko yake ni ya aina nyingine: kujigeuza kitandani, kupanda ngazi, kushuka kwenye gari, kuvaa nguo ya ndani akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Baadhi husikia mlio wa kukwaruza mbele, kwenye kinena.

Ipo njia nyingine ya kupima nyumbani. Lala chali kwa muda mfupi tu (anayepata kizunguzungu akilala hivyo asijaribu), nyoosha miguu, kisha inua mmoja kiasi cha sentimita 20 bila kukunja goti. Ushushe. Sasa mtu mwingine akubane nyonga kwa viganja kutoka pande zote mbili, uinue tena. Mguu uliokuwa mzito kama gogo ukiwa mwepesi unapobanwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo liko kwenye viungo vya nyonga, na mkanda wa kuvishikilia una nafasi nzuri ya kukusaidia.

Maumivu yanayoshuka mguuni nayo yametiwa chumvi. Kila mjamzito anayehisi mvuto kwenye paja huambiwa mshipa wa fahamu umebanwa. Kubanwa kwa kweli kwa mshipa huo, kunakoleta maumivu makali hadi chini ya goti pamoja na ganzi, hutokea kwa wachache mno katika ujauzito, kama mmoja katika mia. Mengi ya maumivu ya paja hutoka kwenye viungo vya nyonga na huishia juu ya goti.

Kwa nini haya yote huja mwishoni? Homoni ya rilaksini, ikisaidiana na projesteroni, hulegeza ligamenti zinazofunga viungo vya nyonga ili njia ya mtoto iweze kutanuka. Kiungo kilicholegea hakijaharibika, ila kazi ya kukishikilia sasa inaangukia misuli. Nayo misuli ya tumbo, ambayo ndiyo ingepokea kazi hiyo, imevutwa ikarefuka, na ile ya katikati huachana. Kisha kuna mzigo. Mwanamke aliyeanza mimba akiwa na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongezeka kati ya kilo 11.5 na 16 mpaka siku ya kujifungua, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele. Asije akaelemewa, hujisukuma mabega nyuma, na bonde la mgongo wa chini huzidi kuingia ndani. Misuli iliyo kando ya uti wa mgongo inakesha kazini.

Tuanze na mwenye maumivu ya mgongo wenyewe. Anachohitaji zaidi ni kulifungua lile bonde mara kadhaa kwa siku. Simama visigino vikiwa mbali na ukuta kiasi cha shibiri, magoti yamelegea kidogo, mabega na makalio yameegemea. Toa pumzi, vuta kitovu kuelekea uti wa mgongo mpaka uwazi kati ya mgongo na ukuta uzibike. Hesabu hadi nne, achia. Rudia hadi mara 10. Kosa linaloharibu zoezi hili ni kubana pumzi na kusukuma ukuta kwa miguu, kwani hapo misuli ya tumbo inabaki imelala.

La pili hufanyika kwa kupiga magoti na kuweka viganja chini, mwili ukawa kama meza: viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Nyanyua mgongo kama paka aliyeshtuka, kichwa kikining'inia, kaa hivyo sekunde chache, kisha rudi mpaka mgongo unyooke. Ishia hapo. Wengi hupitiliza, wakaacha tumbo lizame na mgongo ubonyee, na jioni wanalaumu zoezi. Fanya mara 10, polepole. Ambaye vifundo vya mikono vinamuuma au vidole vinakufa ganzi, jambo la kawaida miezi hii, aegemeze vigasha juu ya kiti au aweke ngumi badala ya viganja.

Kitini, sukuma makalio mpaka nyuma kabisa, weka taulo lililokunjwa mviringo kwenye bonde la mgongo, nyayo zote mbili zikanyage chini, na magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Inuka kila baada ya nusu saa hata kama hakuna pa kwenda. Ukisimama kwa kazi ndefu, weka mguu mmoja juu ya kigoda kifupi cha sentimita 15 hivi na ubadilishe kila baada ya dakika chache. Kisigino cha kiatu kiwe cha sentimita mbili au tatu. Ndala bapa isiyoshika unyayo haina faida kubwa kuliko kiatu kirefu.

Hapo kwenye kigoda ndipo orodha ya wote inapovunjika. Kinamsaidia mwenye maumivu ya mgongo kwa sababu kinapunguza lile bonde. Kwa mwenye maumivu ya nyonga au kinena, kigoda hichohicho kinamwekea uzito upande mmoja, na upande mmoja ndio hasa asioutaka.

Kwake yeye kanuni ni moja: miguu miwili ifanye kazi pamoja. Avae nguo akiwa ameketi. Kwenye ngazi apande hatua moja moja, mguu wenye nafuu ukitangulia, na akishuka mguu unaouma utangulie. Akiingia garini, akalie kiti kwanza mgongo ukiwa umeelekea ndani, kisha azungushe magoti yote mawili yakiwa yamegusana. Mfuko wa plastiki juu ya kiti humsaidia kuteleza, ila auondoe kabla gari halijaondoka. Atembee kwa hatua fupi. Asisukume kitu sakafuni kwa mguu, asibebe mtoto mkubwa ubavuni, asichuchumae akiwa ametanua mapaja. Kuogelea ni kuzuri sana kwa wajawazito, isipokuwa mtindo wa chura: ule mkupuo wa miguu huvuta kinena pande mbili kwa nguvu. Tumeona pia mazoezi ya kutanua mapaja yakisifiwa kwamba "yanafungua njia". Kwa mwenye kinena kinachouma, hayo yanafungua maumivu.

Kujigeuza kitandani kunastahili maelezo marefu, maana ndiko kunakowaamsha mara nne kwa usiku. Kosa ni kutanguliza goti moja halafu kuburuta lingine. Nyonga husokotwa kama nguo inayokamuliwa. Badala yake, kunja magoti yote mawili na uyakutanishe. Kaza misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayotumia kuzuia mkojo na upepo, na uvute sehemu ya chini ya tumbo ndani. Toa pumzi. Sasa mabega, nyonga na magoti vigeuke kwa mara moja, kama gogo linalobingirika. Shuka au nguo ya kulalia yenye kitambaa kinachoteleza hupunguza kazi kwa kiasi kikubwa. Bado inauma? Geuka kwa kupitia magotini: inuka upige magoti na kuweka viganja, kisha ulalie upande wa pili. Kutoka kitandani ni vivyo hivyo. Lala ubavu kwanza, teremsha miguu miwili kwa pamoja, jisukume kwa kiwiko na kiganja. Kuinuka moja kwa moja kutoka chali kunavuta ile misuli ya tumbo iliyokwisha kuachana.

Misuli ya sakafu ya nyonga ndiyo kamba inayoshikilia viungo hivi kutoka ndani. Ikaze taratibu hadi sekunde 10 ukiendelea kupumua, achia kabisa, rudia mara 10. Kisha kaza na kuachia upesi mara 10. Mara tatu kwa siku. Anayeanza na sekunde tatu asikate tamaa, aongeze kidogo kidogo.

Mkanda nao unauzwa bila maelezo. Wengi huuvaa juu mno, ukalibana tumbo, wakasema haufai. Kwa maumivu ya nyonga unapaswa kuzunguka mifupa ya nyonga chini ya tumbo: nyuma upite kwenye vile vishimo viwili, mbele ukae juu kidogo ya kinena. Uvae wakati wa kutembea na kufanya kazi, uvue ukikaa kwa muda mrefu na ukilala. Mguu ukifa ganzi au maumivu yakizidi, umekaza kupita kiasi au umeuweka pasipo pake. Mkanda ni wa kusaidia misuli. Ukivaliwa kutwa kucha na mazoezi yakaachwa, misuli hiyo hulegea zaidi.

Kuhusu kulala, baada ya wiki ya 28 mjamzito aanze usingizi akiwa ubavu. Akilala chali, uzito wa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na tafiti zimehusisha kuanza usingizi chali katika kipindi hiki na ongezeko la hatari ya mtoto kufia tumboni. Kushoto au kulia, pande zote mbili zinafaa. Ukiamka ukajikuta chali, geuka tu ulale, usianze kujilaumu. Mto wa katikati ya miguu uwe mrefu, ufike kuanzia gotini mpaka kwenye kifundo. Ule mdogo wa magotini pekee huacha unyayo ukining'inia, paja likapinda ndani na nyonga ikavutwa usiku kucha. Taulo lililokunjwa chini ya tumbo huzuia tumbo lisiuvute mgongo upande.

Kulala kitandani mchana kutwa kusubiri siku ya kujifungua si tiba. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito, linashauri mazoezi ya mara kwa mara katika kipindi chote cha mimba ili kuzuia maumivu ya mgongo na nyonga, na linataja tiba ya mazoezi, mikanda na akupancha (tiba ya kuchoma sindano nyembamba) kuwa njia ambazo mwanamke anaweza kuchagua. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 34 yenye wajawazito 5,121, yaliona kuwa mazoezi huweza kupunguza maumivu ya mgongo wa chini. Kwa mjamzito mwenye afya lengo ni dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale ambayo bado anaweza kuzungumza sentensi nzima huku akiyafanya. Anayetokwa damu, mwenye kondo lililojishikiza chini, au aliyeambiwa ana hatari ya kujifungua kabla ya wakati asianze bila kumwuliza mkunga au daktari wake.

Joto hutuliza misuli iliyokaza: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, dakika 15 hadi 20, mgongoni na si tumboni. Usiiweke juu ya ngozi iliyopakwa dawa ya kuchua, kwa sababu joto na dawa hizo vikikutana huunguza. Anayekanda afanye hivyo mjamzito akiwa amelala ubavu au ameegemea kiti mbele, akipandisha viganja kando ya uti wa mgongo bila kukandamiza mfupa wenyewe. Asikande kwa nguvu nyama ya nyuma ya mguu: katika ujauzito damu huganda kwa urahisi zaidi, na bonge la damu likiwamo humo si la kuchezewa.

Sasa dawa, na hapa tunaomba Mhariri utuvumilie tukipandisha sauti. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, hazifai kwa maumivu haya. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha Oktoba 2020 kwamba dawa za kundi hili, zikitumiwa kuanzia wiki ya 20, huweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Kuanzia kama wiki ya 30 inaongezeka hatari nyingine: kuziba mapema kwa mshipa ambao mtoto anauhitaji akiwa tumboni ili damu ipite bila kwenda kwenye mapafu. Sindano ya diklofenaki ni dawa ileile. Jeli yake pia hupenya ngozini, hivyo isipakwe bila idhini ya daktari. Tatizo kubwa zaidi ni vidonge vya mchanganyiko, vyenye mojawapo ya dawa hizo ndani yake, ambavyo mtu huvinunua akidhani ni parasetamo yenye nguvu zaidi. Geuza pakiti, soma maandishi madogo. Ukiona jina la pili ambalo hulijui, mwulize mfamasia kabla ya kulipa, na taja wiki za mimba yako hata kama tumbo linajieleza.

Inayotumika ni parasetamo pekee: kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, kwa kuachana angalau saa nne hadi sita, visizidi vinane katika saa 24, na viwe vichache iwezekanavyo kwa siku chache iwezekanavyo. Mwenye ugonjwa wa ini au uzito chini ya kilo 50 apangiwe kiwango chake. Na yupo mjamzito aliyepewa asipirini ya kiwango kidogo, miligramu 75 hadi 150, kuzuia kifafa cha mimba. Huyo asiiache kwa sababu ya barua hii, amwulize aliyempa.

Kuna maumivu ya mgongo ambayo hayangoji mto wala mkanda. Yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, hata yakiwa hafifu, huweza kuwa uchungu wa mapema. Yanayoambatana na homa, kutetemeka au kuchomwa wakati wa kukojoa, hasa chini ya mbavu upande mmoja, ni dalili za maambukizi yaliyofika kwenye figo. Maumivu makali ya ghafla yasiyoachia, tumbo likiwa gumu kama ubao, damu itoke au isitoke, ni dharura. Ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mguu kukosa nguvu ni dharura pia. Mguu mmoja uliovimba na kuuma, kutokwa maji, kichwa kikali pamoja na macho kuona maluweluwe, mtoto kupunguza kucheza: kwa lolote kati ya haya nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kwa mwenye maumivu ya nyonga au kinena, tunaongeza jambo moja la siku ya kujifungua, kwa sababu husahaulika mpaka uchungu umeshaanza. Siku chache kabla, alale ubavu au akae kwenye ukingo wa kitanda, atanue magoti polepole mpaka kabla tu ya kuuma, kisha mtu apime kwa utepe umbali kati ya goti na goti. Namba hiyo, kwa sentimita, iandikwe kwenye kadi ya kliniki na imfikie mkunga wa zamu, ili miguu isitanuliwe kupita hapo, hasa ikiwa atachomwa sindano ya ganzi ya mgongoni na asiweze kuhisi maumivu yanayomwonya. Kujifungua akiwa amelala ubavu au amepiga magoti kunawezekana na huzilinda nyonga. Anayemsaidia asikubali miguu iwekwe kwenye vishikio kwa muda mrefu; ikilazimu, ipandishwe yote miwili kwa pamoja na ishushwe yote miwili kwa pamoja.

Wakunga na wataalamu wa mazoezi tiba